Muhuri wa Ijumaa Kumi na Mbili

Kiwandani pale hakuna aliyemwita binti yule kwa jina lake. Alifika Jumatatu, tarehe nne mwezi wa tatu, barua ya chuo mkononi, akasema anasoma shahada ya teknolojia ya habari kwa biashara na ameletwa kwa mafunzo ya vitendo, wiki kumi na mbili. Ilipofika saa nne walishambatiza Kompyuta. Printa ikikwama, muite Kompyuta. Simu ya mlinzi imekataa kuchaji, muite Kompyuta. Siku moja aliitwa aje kutazama feni. Jamani, miaka mitatu mtu yuko darasani anasomea namna taarifa zinavyotoka ofisi ya mauzo hadi stoo, halafu anapandishwa kwenye kiti akafute vumbi la feni. Nani asingeudhika?

Msimamizi wake alikuwa na cheo kikubwa mlangoni, Meneja wa Mifumo, lakini kiwanda kizima cha rangi kilimjua kama Bwana Kesho, na wala sina haja ya kueleza kwa nini. Siku ile ya kwanza binti alimpelekea daftari la mafunzo. Kila Ijumaa msimamizi alitakiwa asome mwanafunzi alichofanya wiki nzima, kisha atie saini na kugonga muhuri. Bwana Kesho alilifungua, akahesabu kurasa, akaguna.

"Yaani kila Ijumaa uje kunisumbua?"

"Ndivyo chuo kinavyotaka, bosi."

"Lete hapa tulimalize."

Akavuta muhuri wa tarehe, uleule aliosainia na kugongea hati za mizigo inayotoka. Akasaini ukurasa wa kwanza, akagonga. Akazungusha kigurudumu cha tarehe kwa kidole gumba hadi Ijumaa iliyofuata, akasaini, akagonga. Hivyo hivyo mpaka ukurasa wa kumi na mbili, tarehe ishirini na nne mwezi wa tano, na kurasa zenyewe bado tupu kabisa.

"Nimekusaidia," akasema. "Wewe utajazia tu."

Binti alijua si sawa. Lakini mwaka uliotangulia alizunguka ofisi hadi soli za viatu zikaisha, akakosa nafasi, akakaa nyumbani mwaka mzima, na chuo kilimwambia waziwazi kwamba safari hii akishindwa jina lake linafutwa. Ungekuwa wewe, siku ya kwanza, ungembishia bosi? Akachukua daftari akaondoka.

Aliyemwokoa asife kwa uchovu wa kukaa bure alikuwa Mama Stoo, mtunza stoo, mama wa makamo mwenye kucha zilizoshika madoa ya kila rangi. Yeye peke yake ndiye aliyemuuliza anajua kufanya nini. Shida ya stoo ilikuwa moja: watu wa mauzo waliwaahidi wateja ndoo ambazo hazipo, kisha lawama zote zikamwangukia mama huyo. Binti akamtengenezea programu. Ndoo ikiingia inaandikwa, hati ya mzigo ikitoka ndoo zinapunguzwa, na mauzo wanaona palepale mezani kwao kilichobaki. Ili hesabu ya ndoo ikae sawa, aliingiza hati zote za nyuma, moja moja, mpaka macho yakamwuma.

Hati kumi na moja zilikataliwa. Zilitoka siku ileile aliyofika yeye, tarehe nne mwezi wa tatu, lakini muhuri wake ulisema tarehe ishirini na nne mwezi wa tano. Tarehe bado haijafika, programu ikamjibu, na ilikuwa na haki yake.

"Hizo ndizo zilizoniponza," alisema Mama Stoo. "Kwa tarehe hiyo, gari lilirudishwa na mzigo wake getini kwa mteja. Bosi akasema mimi ndiye niliyechezea muhuri, akaniandikia barua ya onyo. Iko kwenye faili langu mpaka leo, mwanangu."

Binti alikiona tena kile kidole gumba kikizungusha tarehe. Alikuwa na saini zilezile kwenye daftari lake, na akisema tu, yeye ndiye wa kwanza kuungua. Alizitenga zile hati kwenye faili la peke yake pale stoo, akaendelea na kazi, na tangu hapo kila Mama Stoo alipomwita mwanangu alijisikia vibaya.

Barua ya chuo ilisema mwalimu wa kumkagua atakuja wiki ya mwisho, wakati kurasa zote zitakuwa zimejaa. Akatokea wiki ya tisa, Alhamisi, bila taarifa, mkoba begani na haraka usoni. Hata hivyo binti alifurahi. Aliifungua programu yake kwenye kioo cha kompyuta ya Bwana Kesho, akapanga kichwani atakavyoieleza. Mwalimu hakugeuka. Aliomba daftari, akafunua kurasa chapuchapu, akafika mwisho, akasimama hapo.

"Leo ni wiki ya tisa," alisema. "Hii ya kumi na mbili imesainiwa na nani?"

Binti alimtazama bosi. Bosi naye akajifanya hamnazo.

"Mimi nasaini kila Ijumaa, baada ya kusoma," alisema Bwana Kesho. "Muhuri unakaa hapa mezani, na huyu anaingia humu apendavyo. Vijana hawa, saini ya mtu haiwashindi."

"Kughushi saini ni kufukuzwa chuo, unajua?" mwalimu akamwambia binti.

Alijua. Hasira ikampanda. Alitoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja stoo.

"Mama, naomba lile faili la hati kumi na moja. Na uje nami. Kuna jambo nilipaswa kukwambia zamani, nikaogopa."

Alimweleza wakiwa njiani. Mama Stoo alizidisha mwendo.

Ofisini binti alizipanga zile hati mezani kando ya daftari. "Zilitoka siku yangu ya kwanza hapa, mwalimu, namba zake zinafuatana na nyingine za siku hiyo. Tarehe ya muhuri ni ileile ya ukurasa wangu wa mwisho. Alizisaini kurasa zote kumi na mbili kwa mkupuo, akasahau kuurudisha muhuri nyuma. Na hizi hapa pia amezisaini yeye, moja baada ya nyingine, bila kuzitazama."

Mwalimu alilinganisha saini. Bwana Kesho alitazama feni.

"Siku hiyo kazi zilikuwa nyingi," akasema hatimaye.

"Na barua yangu ya onyo?" aliuliza Mama Stoo.

"Tutaizungumza kesho."

"Hata leo ni siku." Akavuta kiti, akakaa.

Bwana Kesho alimtazama, akamtazama mwalimu, kisha akaandika mistari miwili ya kuifuta barua ile na kumkabidhi. Ilikuwa mara ya kwanza kiwandani pale kitu kufanyika leo.

"Basi, la kughushi limekwisha," alisema mwalimu, akiangalia saa yake. Alitoa daftari jipya mkobani. "Hilo la zamani halifai tena. Nakili kazi zako humu, ulete chuoni ukimaliza. Nawe, bwana, zisaini zote sasa hivi, na hizo za mbele pia, nisilazimike kurudi. Nina wanafunzi wengine wawili wananisubiri."

Binti alimtazama aone kama anatania. Hakuwa akitania. Bwana Kesho alishavuta muhuri.

"Mwalimu, kuna programu nimetengeneza, ingekuwa dakika tano tu—"

"Iandike humo, nitaisoma."

Akaenda zake. Kwenye kioo ile programu ilikuwa bado wazi, na katika wiki tisa hakuna mkubwa hata mmoja aliyeitupia jicho. Binti alitaka kulia, akaona atawapa faida.

Nje, gari la mchana lilikuwa linangoja hati zake. Aliuokota muhuri pale mezani. Ulikuwa umesimama tena tarehe ishirini na nne mwezi wa tano. Akaurudisha nyuma kwa kidole gumba, siku baada ya siku, mpaka tarehe ya leo, akampa Mama Stoo.

Kisha akafungua daftari jipya, wiki ya tisa, palipochapwa *Nilichojifunza wiki hii*. Akaandika: "Kurudisha tarehe ya muhuri." Chini yake, pembeni ya maneno *Nimesoma na kuthibitisha*, saini ya msimamizi ilikuwa tayari imekauka.