Ganda Lisiguse Ardhi

Siku hiyo Bi Sindano alikuwa na furaha hata miguu haitulii. Miaka yote alikuwa akiwashonea waigizaji mavazi huku roho yake iko kwenye taa, na leo shemeji yake, mdogo wa mumewe na fundi taa wa ukumbi, amemwahidi kiti cha kuongozea taa kwenye onyesho la jioni. Sharti lilikuwa moja tu: atengeneze mwenyewe nyaya za kuongozea, na taa zitii. Zikikorofisha, arudi kwenye vifungo na zipu zake.

Shemeji alimwonyesha namna ya kushika lehemu, akamwachia plagi za chuma, akaenda kuazima ngazi. Mlangoni akageuka. Kila siku husema "ethi" kama mafundi wenzake, lakini leo, kwa vile anafundisha, Kiswahili sanifu kilimpanda kichwani.

"Shemeji, la muhimu usisahau: ganda lisiguse ardhi! Hata kidogo!"

"Haligusi, bwana! Nenda!"

Bi Sindano akaingia kazini huku akiimba. Ndani ya kila plagi, ubavuni mwa ganda lake la chuma, aliona kijisikio chenye tundu, kitupu, kisicho na waya. Mshonaji gani huacha tundu bila kifungo? Akakiunganisha na waya mtupu usio na rangi uliojitokeza kati ya wenzake, kazi safi kabisa. Kisha, ili maganda yasiguse ardhi, akazitundika nyaya zote kwenye viango vya mbao, katikati ya magauni.

Shemeji aliporudi alikodoa macho. "Mbona nyaya zinauzwa kama nguo?"

"Si umesema zisiguse ardhi?"

Alicheka hadi akaketi kwenye ngazi. Wakazijaribu palepale zilipotundikwa, na taa zikawaka taratibu kwa adabu. Wakashangilia. Wakazipandisha kwenye vyuma vya juu ya jukwaa, plagi zikalalia chuma, na hapo taa zikapandwa na wazimu: nyekundu, giza, buluu, giza, kijani. Mfalme wa mchezo, aliyekuwa jukwaani akijizoeza kumlilia mwanawe, alijikuta anacheza.

Nje watazamaji walishaanza kujaa. Bi Sindano aliumia moyoni. "Basi, kiti ndicho hicho kimekwenda," alisema.

Shemeji akafungua plagi moja, akashika kichwa. "Mamaa! Umelifunga ganda na ardhi!"

"Ardhi iko chini, plagi iko juu!"

"Ethi, Shemeji! Huu waya mtupu ndio ethi! Ukishaufunga na ganda, ganda likigusa chuma, kelele zote za umeme zinaingia, taa hazisikii amri."

"Sasa si ungesema ethi!"

Wakatazamana, wakaangua kicheko. Lakini kuzifungua plagi zote kulihitaji muda, na muda haukuwepo. Bi Sindano akakumbuka kuwa plagi zilipokuwa kwenye viango vya mbao, taa zilitulia.

"Kwa hiyo shida yao ni kugusa chuma tu? Basi tuzivishe!"

Akakamata mkasi na kitambaa kizito kilichokuwa karibu. Haraka haraka haina baraka, lakini polepole nayo leo ingemnyima kiti. Alikata, akazungushia, akashona, na Shemeji akapanda ngazi kuzivisha plagi mashati ya mahameli nyekundu.

Pazia likafunguka. Bi Sindano akasukuma kitufe juu. Mwanga ukapanda kwa upole, ukatulia.

Mfalme akaingia. Joho lake la mahameli, ambalo jana lilifagia sakafu, liliishia kiunoni.

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Mfalme akajipapasa nyuma, akanguruma bila kutoka kwenye ufalme wake: "Nani aliyeumega utawala wangu?" Makofi yakarindima, naye akaanza kumsaka mwizi jukwaa zima.

"Mfuate," Shemeji alinong'ona.

Bi Sindano akamfuata kwa mwanga hatua kwa hatua, machozi ya kicheko yakimtiririka, na taa haikupepesa hata mara moja.

"Kesho tutaukata ule waya," Shemeji alisema.

"Na joho?"

"Joho tutalitafutia mshonaji."