Kifurushi cha Sauti

Kompyuta ya ghala la programu ilipomrudishia rangi nyekundu, yaani jaribio limeanguka, kwa mara nyingine, Bi Furushi aliitazama kama mtu aliyetemewa mate na mtoto wa jirani: hasira anayo, wa kumchapa hana.

Jina hilo alibandikwa na kaka yake. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kutoa nakala katika duka la vifaa vya shule. Kazi ya moyo, isiyo na senti, ilikuwa kufunga vifurushi vya Linux, mfumo wa kompyuta usiouzwa. Kimoja kilikuwa na maktaba ndogo, mkusanyo wa maagizo ya programu inayogeuza maandishi kuwa sauti. Kaka haoni tangu utotoni. Kesho anaanza kazi ya kujibu barua za wateja, na kompyuta za ofisi hiyo huchukua programu kutoka ghala la mtandaoni la mfumo huo tu. Leo jua likizama ghala linafungwa, halipokei kipya tena. Kifurushi kisichofanya kazi kwenye matoleo yote mawili ya lugha ya programu, la zamani na jipya, kinaachwa nje.

Hapa nyumbani, kwenye kompyuta ya kaka, majaribio yote yalikuwa kijani, yamepita. Ghalani, toleo la zamani kijani, jipya jekundu kama pilipili. Msimamizi wa ghala, ambaye hawajawahi kuonana naye, alimwandikia kwamba mwamba ngoma huvutia kwake: jaribio la nyumbani humpendelea mwenyewe.

Njia ya mkato ilikuwepo. Mstari mmoja: jaribio hili lirukwe kwenye toleo jipya. Vidole vilishauandika. Kaka, kutoka kwenye kochi, akauliza mbona kibodi imenyamaza kama imefiwa. Akamweleza.

"Kwa hiyo kifurushi nitakuwa nacho," kaka alisema, "ila hakisemi."

"Huenda kikasema."

"Na mimi nimjibu bosi huenda?"

Akaufuta mstari. Sasa akajiuliza swali ambalo alipaswa kujiuliza tangu asubuhi: kwa nini hapa inapita? Akalifuata jaribio hatua kwa hatua mpaka akaona. Halikuwa likigusa kifurushi kipya hata kidogo. Lilikuwa likichukua nakala ya zamani iliyomo kwenye kompyuta hiyo hiyo, ile inayomsomea kaka. Kumbe muda wote alikuwa akionja chakula cha jana na kukisifia cha leo.

Ili ajaribu kweli, nakala ile ilibidi iondolewe. Nayo ikiondoka hairudi, ghala lilishaifuta. Hakumficha kaka kitu: akishindwa, atakuwa amemnyamazishia sauti kazini na nyumbani.

"Miaka yote hiyo inaniita 'mtumiaji'," kaka akasema. "Hata jina langu haijui. Iondoe."

"Kaka, nikishindwa je?"

"Iondoe, mdogo wangu, kabla sijaanza kuililia."

Akaiondoa. Sauti iliyokuwa ikimsomea kaka skrini ilikatika katikati ya neno.

Jaribio likaanguka. Nyekundu, hatimaye, hapa nyumbani! Aliipokea kama mgeni aliyechelewa. Kosa lilikuwa wazi: maktaba iliita kifaa ambacho toleo jipya lilikuwa limekitupa. Akaandika: kikiwepo, kitumike, kisipokuwepo, kichukuliwe kipya. Jasho lilimfanya akosee herufi, akarudia. La zamani, kijani. Jipya, kijani. Hakungoja hata kumrudishia kaka sauti yake, akatuma.

Ghalani kazi ikaanza upya, mistari ikapanda kwenye skrini. Kaka alivuta kiti, akaweka kiganja juu ya kompyuta iliyokuwa moto.

"Nisomee."

Akasoma. Toleo la zamani, limepita. Toleo jipya, linajengwa. Alisoma mbiombio, kaka akamwambia apunguze mwendo, hata ile mashine ilikuwa na adabu ya kupumua. Akapunguza. Dirishani mwanga ulishakuwa rangi ya chai nyepesi. Mistari ilikuja mmoja mmoja, jibu la mwisho bado, naye akaisoma mmoja mmoja, na kila alipovuta pumzi kaka aliinamisha kichwa upande wake, kama alivyozoea kuisikiliza ile mashine.