Upande wa Msumari

Fundi miwani alikuwa na ugonjwa mmoja ambao wateja wake wote waliujua: ukimpa nafasi, atakuhubiria Watatu. Umekaa zako kwenye kiti, fremu mpya iko puani, unasubiri akukazie skrubu uende, naye anakuuliza kama umewahi kucheza gemu ya ngumi ambayo aliyechoka haachwi apigwe mpaka aanguke, bali anatoka na mwenzake anaingia. Ukisema hapana, umekwisha, utatoka hapo jua limeshasogea. Ukisema ndiyo, umedanganya, kwa maana ukimsikiliza yeye, gemu ile hakuna aliyeicheza duniani ila yeye na mdogo wake wa kiume.

Alikuwa anatia chumvi, lakini si nyingi sana. Utotoni mwao, mjomba wao alikuwa na chumba cha gemu karibu na shule: televisheni zimepangwa ukutani, mabenchi yamelegea miguu, na pazia zito mlangoni la kuzuia jua. Kila mtoto aligombania mpira. Aliyekosa mpira aligombania magari. Kwenye kona ya mwisho, chini ya feni iliyokuwa ikilia kama mbuzi, palikuwa na televisheni ya Watatu, na hapo hakusogea mtu. Jina lake halisi hawakulijua kamwe. Kava lilikuwa limechunika, na maandishi ya ndani yalikuwa ya lugha ya mbali ambayo hata mjomba, aliyejifanya anajua kila kitu, aliishia kuikunia kichwa. Wakaiita Watatu kwa sababu unachagua wapiganaji watatu. Mmoja anapigana, wawili wanakaa nyuma wanavuta pumzi, na anayepumzika nguvu zinamrudia taratibu.

"Sasa hawa wanapigana au wako likizo?" watoto wa mpira waliuliza, wakavunjika mbavu.

Wacheke tu. Walikuwa na mpira wao wa kukimbizana kutoka goli hadi goli, na hawakujua raha ya kumwona mtu wako amepepesuka, yuko hoi, halafu unamtoa sekunde ile ile adui anaporusha ngumi ya mwisho, na ngumi inakutana na mwingine ambaye hajachoka. Raha hiyo haina mfano. Fundi miwani, mtu mzima mwenye watoto wake, bado ikimjia anapokuwa anasaga lenzi hujikuta anatabasamu peke yake.

Pedi ya pili ya kuchezea ilikuwa imeliwa waya na panya, na mjomba hakuona haja ya kununua nyingine kwa ajili ya gemu isiyo na wateja. Ikabaki moja. Watoto wawili, pedi moja, na hakuna aliyekubali kukaa akitazama. Walinuna, wakasukumana, mwishowe wakagawana. Waliikalisha pedi katikati, juu ya goti la huyu na goti la yule. Dada, huyu fundi miwani wa leo, alikaa kushoto na kushika, kwa mkono wake wa kushoto, mambo yote ya kwenda na kurudi, kuruka na kuinama. Mdogo wake, ambaye kwa wembamba wake mtaa mzima ulimwita Msumari, alikaa kulia akashika vitufe vya kupiga, kukinga na kumwita mwenzake aingie. Mikono miwili iliyobaki haikuwa na kazi. Ilikaa pale katikati, na mambo yakiwa magumu ilishikana yenyewe.

Timu yao haikubadilika. Alikuwepo Shangazi, mama mnene mwenye kilemba aliyepiga watu kwa nyonga. Alikuwepo Bwana Harusi, mwenye suti nyeupe, ambaye kila akiangushwa aliinuka akajikung'uta kwanza. Na alikuwepo Bubu, asiyetoa sauti hata avunjwe mbavu. Majina hayo waliwapa wao wenyewe.

"Mtoe Shangazi, Msumari, mtoe!"

"Mrudishe nyuma kwanza, dada! Namtoaje akiwa kwenye kona?"

Hivyo ndivyo walivyokua. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kujifunza upande wa mwenzake, hakuna aliyeweza kucheza peke yake. Mmoja akiugua, Watatu ilikuwa imefungwa siku hiyo.

Mjomba alifunga chumba, televisheni zikaenda kila moja njia yake, na watoto wakawa watu. Dada akajifunza kazi ya miwani. Msumari akawa seremala, na hapo jina likampata mwenyewe. Alikuwa na karakana yake nyuma ya nyumba, na milango aliyoitengeneza ilikuwa ikifungwa kwa sauti ndogo tu, bila kukwama wala kupiga kelele.

Kisha msumeno wa umeme ulimchukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kikabaki kidole gumba na kile cha mwisho.

Kidonda kilipona vizuri, hata daktari alisifu. Msumari mwenyewe ndiye ambaye hakupona. Alikaa kwenye kiti kimoja sebuleni, mkono ameuficha chini ya shati, akijibu watu kwa kichwa. Mkewe alimkatia nyama, akamfungia vifungo. Dada naye alijifunga kibwebwe: alitafuta seremala mwingine, mtu mzima mpole, akamweka kwenye benchi la Msumari ili kazi za watu zisilale. "Wewe pumzika, mdogo wangu," alimwambia, "kila kitu kinakwenda." Alijiona ametenda la maana. Lakini kila akija kumjulia hali alimkuta kwenye kiti kile kile, na mto wa kiti umeshabonyea umbo lake. Alichoogopa ni kwamba mdogo wake angekizoea kiti hicho maisha yake yote.

Ndipo siku moja fundi simu, jirani yake wa duka la pili, alipokuwa akipekua takataka za umeme alizoletewa, akainua mashine nyeusi ya gemu yenye vumbi.

"Jirani, si wewe unayetusumbua kila siku na gemu za zamani?"

Akaiunganisha na televisheni, akaiwasha. Shangazi akatokea kwenye kioo, kilemba kichwani, akitikisa nyonga. Fundi miwani alipiga kelele, mteja aliyekuwa akisoma herufi ukutani akadhani amezikosea zote.

Mpango ulimjia hapo hapo. Mkono wa kushoto wa Msumari ulikuwa mzima. Basi Msumari akae kushoto, na yeye dada ajifunze kulia. Kila mchana alifunga duka akakaa na fundi simu, huyu kushoto akilalamika kuwa simu za watu zinamsubiri, yeye kulia akipambana na vitufe. Mwanzoni alimwita Bubu akaja Bwana Harusi, akataka kukinga akarusha teke. Lakini dada alikuwa na kichwa kigumu. Wiki zilipita, vidole vikaelewa.

Jumapili mchana alibisha hodi kwa mdogo wake na kapu begani. Wifi yake alimfungulia, akamnong'oneza, "Leo hata chai hajagusa."

"Tutaona," dada akasema.

Aliunganisha nyaya bila kuomba ruhusa. Wimbo wa Watatu ulipoanza, ule wa ngoma na filimbi iliyokosea, Msumari aliinua kichwa. Dada alijifanya hajaona.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Njoo ukae hapa."

"Dada, acha. Mkono wenyewe uko wapi?"

"Wa kushoto si huo? Nimejifunza upande wako. Wewe kaa huku, hutapata shida yoyote."

Alikuja shingo upande. Wakakaa, pedi juu ya magoti, yeye kushoto na dada kulia. Wakaanza, na ikawa aibu tupu. Msumari alimtaka Shangazi aende mbele, akaruka; alimtaka ainame, akamkimbilia adui kifuani. Dada alipiga, akakinga, akaita, akafanya yote kwa ustadi aliousotea, na akashinda karibu peke yake. Mkono wa kulia wa mdogo wake ulikuwa hapo katikati, kwenye nafasi ya mikono isiyo na kazi, umejikunja ndani ya shati. Hakuthubutu kuugusa.

"Tumeshinda!" alisema kwa sauti ya kumchangamshia mtoto.

Msumari hakumtazama.

"Dada."

"Naam."

"Umekaa kwangu."

"Nimekaa hapa ili wewe usi..."

"Najua kwa nini. Sogea."

Akasogea. Msumari akazunguka, akakaa kulia, akautoa mkono chini ya shati. Dada hakuwa ameuona tangu ulipofunguliwa bandeji. Ngozi ilikuwa nyekundu na laini, na vidole viwili vilisimama mbali mbali. Alitaka kugeuka, asigeuke. Kidole gumba kikachukua kupiga na kukinga. Kidole cha mwisho, kilichozoea kukaa tu maisha yake yote, kikapewa kazi ya kumwita mwenzake.

Walipigwa. Walipigwa vibaya, Shangazi akaona nyota, Bwana Harusi akaanguka hata hakupata nafasi ya kujikung'uta, kwa sababu kidole cha mwisho kilichelewa kila mara. Msumari alitukana, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya msumeno. "Tena," akasema. Wakapigwa tena. "Tena." Na safari hiyo, Shangazi akiwa hoi, adui ameinua ngumi, kidole cha mwisho kiliwahi, na ngumi ile ikamkuta Bubu amesimama, mzima, kimya.

"Ehee!" dada alipiga ukelele, na mkono wake wa kulia ukajikuta umeshikwa na wa kushoto wa mdogo wake, umebanwa hadi unauma. Alilia wazi wazi, wala hakujifuta. Wifi yake alitokea jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni.

Msumari alikuwa anahema kama aliyepanda ngazi.

"Na kule karakana," aliuliza, macho kwenye televisheni, "nani amekaa kwangu?"

Uso ulimwaka dada. Yule seremala wa kule, ni yeye dada aliyemkalisha.

"Nitamwambia aondoke," alisema. "Kesho asubuhi namwambia."

"Asiondoke. Mbao nani atanishikia?" Msumari alirudisha kidole cha mwisho juu ya kitufe chake. "Mwambie asogee kushoto. Haya, dada, mbele, mbele, tunapigwa!"