Gurudumu la Zizimo

Katika nchi ya Zizimo, ambako jua halikujua haya, Sultani Kipupwe na mawaziri wake waliishi kileleni mwa mlima, ndani ya kasri la barafu, wakivaa manyoya mchana kweupe na kukohoa kwa madaha ili mvuke wa pumzi zao uonekane. Na chini yao, katika Bonde la Harara, walitokota wale waliolizungusha gurudumu kubwa lililofyonza joto la kasri na kulitema bondeni kwa mabomba ya shaba, likiwa limeongezeka njiani, kwa kuwa nguvu za wazungushaji nazo ziligeuka joto humohumo. Waheshimiwa walikaa katika ubaridi huo vizazi vingi hata wakalisahau gurudumu. Walifundishana kwamba baridi ni nasaba, hurithiwa kama pua.

Sikudhani, mzungushaji, alipanda kasrini siku ambayo mwanawe Mboni, asiyeota hata jino, alishindwa kulia kwa ukavu wa koo. Aliomba gurudumu lipumzike siku moja tu, bonde lipoe, mtoto apumue. Mawaziri walicheka mpaka manyoya yakawaporomoka mabegani.

"Mama Mboni," Sultani alisema, "kumbe mnadhani ninyi ndio mnaotupoza?"

"Sidhani, Mtukufu. Mpini naushika kila siku."

"Basi uachieni. Tuone kama baridi itatukimbia."

Gurudumu likanyamaza. Joto halikuhitaji amri wala wa kulionyesha njia. Lilianza kurudi kule lilikofukuzwa, kimyakimya, ukuta kwa ukuta. Dari lilipodondosha matone, mshairi wa kasri aliyaita machozi ya furaha. Viti vilipoanza kuteleza, waziri wa sheria alilipiga joto marufuku, na askari wakaielekezea hewa mikuki. Kufikia alasiri Sultani alikuwa amelowa mpaka magotini.

Tarishi alishuka mbio, manyoya yake yakinuka kama beberu aliyenyeshewa, akamkuta Sikudhani amempakata Mboni, paji limepoa, ananyonya.

"Dada, unaitwa gurudumuni. Sasa hivi."

"Nikazungushe ili huyu aungue tena?"

Tarishi alimtazama mtoto. Akavua manyoya, akaketi kizingitini, akaomba maji.

Jioni gurudumu lilisikika likilia. Wazungushaji walitazamana mlango kwa mlango, hakuna aliyekosekana. Lilizunguka kidogo, likakwama, likazunguka tena kwa kwikwi, kana kwamba limeshikwa na mikono iliyozoea manyoya, isiyojua mpini unakamatwaje. Sikudhani aliweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, akasubiri kuona kama joto litashuka.