Mpira Uliolala Juani

Kabla ya alfajiri mshikio wa ndoo ulilia uani, kisha ukanyamaza ghafla, kama uliozibwa mdomo. Hajja Sittana alikuwa macho. Alijua ni Ikhlasi, mkamwana wake, anamwagilia mindimu, na kwamba ameushika mshikio ule kwa ncha ya nguo yake ili mkwewe asiamke.

Mpira wa maji ulikuwa umepasuka tena. Wa kwanza Sittana aliuchagua kwa rangi. Wa pili aliuchagua kwa uzito, akiamini kizito ndicho kigumu. Yote miwili jua la Atbara liliikausha mpaka ikawa kama ganda la yai.

Mindimu ingeweza kuishi kwa ndoo. Shida ilikuwa ardhi. Katika kila nyumba, baada ya sala ya alasiri, ua hunyunyizwa maji mpaka vumbi litulie, ndipo vitanda vya kamba hutolewa nje na kahawa ikatengwa. Lakini ndoo hainyunyizi, inamwaga: hapa tope, pale vumbi. Na kifua cha Thuraya hakikuliweza vumbi.

Thuraya alikuwa dada wa marehemu mume wa Sittana. Tangu walipomzika, alikuja kila alasiri wakanywa kahawa pamoja. Sasa alikuwa haji, na binti yake wa Port Sudan alikuwa anamwita akaishi kwake moja kwa moja.

"Kama ni kukaa ndani peke yangu, wifi, bora nikakae ndani kwa mwanangu," Thuraya alisema siku aliyopita kuaga, kasimama mlangoni, pua kaifunika kwa nguo.

"Ngoja kwanza nipate mpira wa maana."

"Mpira, mpira! Kaka yangu alioa mke au mtunza bustani?"

"Alioa mbishi. Nipe mpaka mwezi utimie."

Thuraya akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi kirefu. Sittana alimshika mgongo mpaka kikapita. Asubuhi yake akaenda sokoni.

Duka la Abdelgayum lilikuwa na giza na baridi. Mipira ilining'inia ukutani, inang'aa.

"Chukua huu, mama. Wajukuu wataurithi."

"Hata wa mwaka jana uliniambia hivyo."

"Ule ulikuwa binamu yake tu, huyu ndiye mwenyewe."

Sittana akaipapasa mmoja mmoja. "Humu ndani yote mizuri. Imefichwa kivulini kama bibi harusi anayelindwa ngozi ing'ae. Mimi nataka kuijua baada ya harusi. Nikatie kipande cha kila mmoja, urefu wa mkono."

"Hajja! Mpira si tikiti maji, hauonjwi."

Wanaume waliokaa dukani wakaangua kicheko. "Kesho ataomba kuonja koleo," mmoja akasema. Sittana hakuondoka. Alisimama palepale mpaka kicheko kikawaishia. Abdelgayum akamtazama namna alivyouegemea mguu mmoja, akamvutia kigoda, kisha akachukua kisu akakata. Vipande hivyo hakumwuzia, alimpa.

Nyumbani alivifunga kwa waya juu ya bati la jiko, palipo na jua kali kuliko pote.

"Unakausha bamia, Hajja?" jirani akauliza juu ya ukuta.

"Nakausha nyoka."

Ikhlasi alicheka hata unga ukamtoka mkononi. Lakini kila adhuhuri, bila kuagizwa, alipanda ngazi akavigeuza ili vichomeke pande zote. Wakati huohuo Thuraya alituma kuazima sanduku kubwa la safari. Sittana akalipeleka. Ufunguo alisema bado anautafuta.

Mwezi ulipotimia, vipande vikateremshwa. Cha kwanza, alipokikunja, kilikatika kama kijiti. Cha pili kiling'ang'ania vidole, na kilipokunjwa kikabaki kimekunjika. Cha tatu kilikuwa cheusi, kibaya kuliko vyote, na ndani ya unene wake mlikuwa na nyuzi zilizosukwa. Alikikunja, nacho kikajinyoosha polepole, kama mtu anayeinuka kutoka kusujudu. Akakiweka chini ya mguu wa kitanda.

"Kaa hapo, Ikhlasi. Kaa kwa uzito wako wote, usinionee haya."

Ikhlasi akakaa, akainuka. Kipande kikarudi mviringo wake.

"Mweusi?" Abdelgayum alishangaa Sittana aliporudi dukani. "Huo hakuna mwanamke aliyewahi kuutaka. Nawauzia mafundi wa nyumba."

"Leo umempata anayeutaka."

Akamfungia mpira, na juu yake akaweka pete ya chuma ya kukazia bombani. "Hiyo ni ya kuonja," akasema, safari hii bila kumcheka.

Alasiri ile Sittana aliziba nusu ya mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji yakatoka kama mvua nyembamba. Alianzia langoni, mahali wifi yake angepita, akarudi nyuma taratibu mpaka kwenye vitanda. Ardhi ikapoa, ikanukia. Kisha akamtuma Ikhlasi aende kumwita.

Thuraya alifika nguo ikiwa puani. Akasimama. Akaishusha. Akaketi, akapokea kahawa ya tangawizi, akala bisi konzi baada ya konzi, akamsema vibaya mkwe wake wa Port Sudan anayekoroma. Jua likawa chini.

"Wifi," akasema ghafla, "mbona sikohoi?"

"Nyamaza, usikikumbushe kifua."

Waliposikia adhana ya magharibi, Thuraya aliinuka. Langoni akasitasita. "Na mwanangu je? Nishamwambia naenda."

"Utakwenda. Utamsalimia, utarudi." Sittana alikuwa amemshika mkono na hakuuachia. "Lakini kesho uje, wifi. Ua utakuta nimeshaunyunyiza. Uje."