Mkono wa Nyamizi

Modesta Kasanda alilala mchana, jambo ambalo mama yake mzazi, aliyeishi naye nyumba moja pale Tabora, hakuwahi kuliita kwa jina jingine ila uvivu. Lakini siku ile ilimchosha hata kabla adhuhuri haijaingia. Alikuwa mwandishi wa hadithi za nchi zisizokuwapo, na kwa miaka tisa alikuwa akiandika habari za nchi moja aliyoiita Irunde, na za msichana mmoja wa huko, Nyamizi, aliyeweza kutoa moto katika kiganja cha mkono. Moto huo haukutoka bure. Moto mmoja, kidole kimoja: Nyamizi akiuita, kidole kilianguka kama jani kavu, na mwenye kutoa kidole cha kumi angekufa nacho. Hiyo ndiyo kanuni aliyoiweka Modesta mwenyewe katika ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kwanza, na wasomaji wake waliishika kuliko amri za kanisani. Kitabu cha tano kilipokwisha, Nyamizi alikuwa na kidole kimoja tu, shahada ya mkono wa kulia, na jeshi la wavamizi limeuzunguka mji.

Cha sita ndicho kilichokuwa cha mwisho, na ndicho kilichomtesa. Bwana Kitwana, mhariri wake, alikuwa amempigia simu asubuhi na mapema, sauti yake tamu kama ya mtu anayebembeleza mkwe. "Mwalimu, usimuue yule binti. Shujaa aliyekufa hana kitabu cha saba." Modesta alimfokea, akasema hapangiwi na mtu, kisha akakaa mezani akafanya yale yale aliyoambiwa. Aliandika kwamba nje ya mji palikuwa na chemchemi, ambayo katika vitabu vyote vitano hakuna kiumbe aliyepata kuisikia, na kwamba Nyamizi alichovya mikono humo, vidole vyake tisa vikachipua, na moto wake usidai kitu tena. Akampelekea sura hiyo Gervas, mchoraji wake tangu kitabu cha kwanza. Haikupita saa Gervas akapiga simu. "Dada Modesta, hii chemchemi imetoka wapi?" Akamjibu, "Imetoka kalamuni. We chora!" akakata.

Ukweli ni kwamba hakufanya hivyo kwa ajili ya Bwana Kitwana. Nyamizi alikuwa na kicheko cha Leokadia, mdogo wake Modesta, aliyekuwa akicheka huku ameziba mdomo kwa mkono wa kushoto kana kwamba ameiba kitu. Leokadia alifariki miaka minne iliyopita kwa homa ya siku tatu. Siku ya maziko Modesta hakulia. Watu wakasema ana moyo wa jiwe. Alirudi nyumbani akaandika kurasa ishirini, na katika kila ukurasa Nyamizi alikuwa akicheka. Sasa wasomaji, na kanuni yake mwenyewe, walikuwa wanamtaka amzike mara ya pili, na mara hii kwa mkono wake. Alijitupa kitandani na viatu vyake, joto la Oktoba likimkaba, usingizi ukamkamata akiwa bado anagomba peke yake.

Akajiona amesimama katika barabara ya majivu. Mbele yake alikuwapo mwanamke mrefu aliyevaa kandambili zisizofanana, amejitanda kaniki mpya ya msiba, macho yake ni ya mtu anayechungulia nyuma ya kila ukuta. "Usiniogope," akasema. "Naitwa Itakuwaje. Kila nchi isiyokuwapo huanzia kwangu. Mtu akijiuliza itakuwaje samaki wakitembea, itakuwaje mwezi ukianguka shambani kwetu, mimi ndiye niliyemgusa bega. Wewe nilikugusa ukiwa na miaka saba, unachambua mchele. Leo nimekuja kukuonyesha kazi yako. Fuatana nami, na usifumbe macho, kwa sababu hukuyafumba ulipokuwa unaandika."

Wakaenda hadi kwenye lango, na juu ya lango ameketi mzee mnene mwenye lundo la mawe pajani. Huyo alikuwa Dharau. "Haya, kaja mwingine wa majitu na mazimwi!" alipiga kelele. "Mtu mzima mzima! Lini utaandika mambo ya maana?" Akavurumisha jiwe, likampata Modesta kwenye paji la uso, damu ikamwingia jichoni. Aliinama kuokota jiwe amrudishie, Itakuwaje akamshika mkono. "Liache. Jiwe la Dharau linauma, haliui, na wengi wamepoteza maisha yao ya kuandika wakirushiana mawe na huyu. Anayeua yuko mbele."

Ndani ya lango palikuwa na uwanja, na kitini amekaa Sifa, mwanamke mzuri kupindukia, anapiga miayo. Mbele yake mashujaa wa hadithi mia moja walikuwa wanakatana mapanga. Mmoja alipasuliwa tumbo, matumbo yakamwagika; mara mwandishi wake akaja mbio na sindano, akayashindilia ndani, akashona, akampiga kibao cha mgongo kumrudisha vitani. Mwingine kichwa chake kilikuwa kimeshonwa mara nyingi hata hakikumbuki kinatazama wapi. "Kitabu cha kumi na nne!" waandishi walipaza sauti, na mashujaa walilia kwa uchovu, wakiomba waachwe wafe. Hapakuwa na aliyewasikiliza. Sifa alimwona Modesta, akatabasamu. "Karibu, karibu! Mlete na wako. Nasikia amepona vidole." Modesta alihisi haya iliyomchoma kuliko lile jiwe, akapita ameinamisha kichwa.

Wakatoka upande wa pili, na hapo Modesta akaitambua ardhi. Ilikuwa Irunde. Vilima alivyovichora kwenye daftari la shule vilikuwa pale pale, lakini vimeungua. Chini ya kilima cha kwanza ilibubujika chemchemi yake ya asubuhi, na maji yake yalikuwa mekundu. Ndani yake ilielea maiti ya kijana mwembamba, shingo imechinjwa kutoka sikio hadi sikio. Ukingoni alichutama mwanamume anayehema kama aliyefukuzwa na mbwa, anafuta kisu kwa majani. Kile kisu kilikuwa kalamu ya Modesta, ile ya wino wa buluu, imenolewa.

"Pupa, bibi, mtumishi wako," yule mtu akasema kwa furaha. "Ulinituma asubuhi. Ulisema upesi, nami sikuchelewa. Wala hakujitetea, alikuamini!"

"Huyu ni nani?" Modesta aliuliza, ingawa moyo wake ulikwisha jua.

"Ni Kanuni," Itakuwaje akasema. "Mwanangu wa kwanza. Watu humwona mkali, anakataza hili na lile, lakini ndiye aliyekuwa anaizuia nchi hii isianguke. Mimi nikiuliza, yeye ndiye hujibu." Hakupiga yowe wala hakumgusa Pupa. Aliingia majini hadi magotini, akampangusa mwanawe uso kwa ncha ya kaniki. Modesta alipiga magoti matopeni, akasema, "Nisamehe, mama," na yule mama akajibu, "Bado. Hujaona wanaokunywa haya maji."

Walikuwa wanakuja kwa mamia. Zamani waliojaliwa moto Irunde walikuwa wengi kuliko Nyamizi peke yake, lakini kila mmoja aliutazama mkono wake kwanza, akafikiri mara mbili, akaenda kuzungumza na jirani yake badala ya kumchoma. Sasa walichovya mikono, wakaona moto haudai kitu, wakauachia. Mwanamke mmoja alimchoma mwizi wa kuku, pamoja na kuku, pamoja na nyumba aliyokimbilia, na waliokuwamo. Ndugu wawili waliokuwa wanagombea mpaka wa shamba waliunguzana hadi pakabaki mpaka tu. Watoto walicheza kwa kurushiana ndimi za moto, wakicheka, nywele zao zinawaka. Wavamizi nao, ambao Modesta alisahau kwamba wana miguu na wanasikia kiu, walikuwa wameyanywa maji yale tangu asubuhi, moto ukawaingia na wao. Mji wote ulilipuka. Harufu ya nyama iliyoungua ilimjaa puani, akatapika.

"Mchuma janga hula na wa kwao," Itakuwaje akasema. "Ila wewe umechuma, wamekula wao."

Juu ya ukuta wa mji alisimama Nyamizi. Ana vidole kumi, vizuri, laini kama vya mtoto mchanga, na kila kimoja kinatema moto. Alikuwa anawachoma watu bila kuwatazama, kama mtu anayefagia uwanja. Modesta aliupanda ukuta kwa mikono na magoti, matofali yakimchuna ngozi, akamwita kwa jina. Nyamizi aligeuka. Uso ulikuwa wa Leokadia, lakini kicheko hakikuwamo. Kila Modesta alipokitafuta aliona tu ngozi na meno.

"Umekuja, dada," Nyamizi akasema. "Hebu nikuulize. Nikichoma mtu sasa, nimepoteza nini?"

"Hujapoteza kitu. Ndivyo nilivyotaka. Nilitaka uishi."

"Sijui hata nimechoma wangapi. Zamani nilijua. Kila moto nilijua niliuwasha kwa ajili ya nani, kwa sababu niliweza kugusa pale pasipo na kidole nikakumbuka." Akachomoa panga kiunoni, akampa kwa mpini. Kisha akaweka mikono yote miwili juu ya jiwe la ukuta. "Hivi si vyangu. Viondoe."

"Siwezi, Leokadia."

Jina lilimponyoka. Nyamizi hakulishangaa. "Unaweza. Ulishafanya mara tisa, ukiwa unanipenda. Nirudishie, dada. Unirudishie mkono wangu."

Modesta aliliinua panga. Kidole cha kwanza alikikata huku analia kwa sauti, mfupa ukalia kama kuni mbichi, damu ikamrukia kifuani; akakumbuka kwamba hicho ndicho kilichowapa moto wakimbizi waliokuwa wanakufa kwa baridi mlimani. Mtaa mmoja wa mji ukazimika. Alikikata cha pili, kilichofungua gereza la chumvi. Cha tatu alikikosea, akarudia mara mbili, na Nyamizi alipiga ukelele uliomfanya atake kujikata mwenyewe. Cha nne, cha tano, kila pigo alikumbuka ukurasa, na mahali alipokaa alipouandika, na Leokadia alivyousoma kabla ya mtu mwingine yeyote, ameegemea mlango, na kusema, "Dada, umemwonea, lakini usibadilishe." Hilo alikuwa amelisahau kabisa. Alipofika cha tisa mikono yake ilikuwa inateleza kwa damu, mji ulikuwa giza tupu isipokuwa mienge ya wavamizi inayopanda ngazi, na kule chini, kwenye chemchemi, maji yalikuwa yamekauka na Kanuni amekaa, ameshika shingo yake, mama yake amemkumbatia.

Panga likasimama juu ya kidole cha mwisho.

"Hapana," Nyamizi akasema. "Hiki niachie mwenyewe." Alinyanyuka, akayumba, akawatazama wavamizi mmoja mmoja, uso kwa uso, kama mtu anayetaka kuwakumbuka. "Walikuwa wakinicheka kitabu kizima, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa." Na hapo kikaja, kile kicheko chenyewe, cha wizi, akaziba mdomo kwa mkono wa kushoto usio na kidole hata kimoja. Kisha akaunyoosha ule wa kulia.

Modesta aliamka amekaa wima, viatu miguuni, jasho limelowesha shuka. Jua lilikuwa bado linawaka nje; hakulala hata saa nzima. Alitazama mikono yake, akaikuta safi, na usafi huo ukamuumiza. Alielewa sasa kilichokuwa kinamfokesha tangu asubuhi. Alidhani anamwokoa mdogo wake, kumbe alikuwa amemfutia yote aliyoyatoa, na akambakizia umbo tu la kuchezea. Akachukua simu.

"Gervas. Umeshachora?"

"Nimejaribu, dada, kama ulivyosema. Vidole kumi. Nimekaa nao mkono huu tangu asubuhi, haunikubali. Kila nikiuchora unakuwa mkono wa mtu mwingine."

"Futa."

"Nifute vingapi?"

"Tisa. Na chemchemi, ifukie."

Gervas naye alikuwa ameishi na Nyamizi miaka tisa. "Basi anakufa," akasema polepole.

"Anakufa, kaka. Mchore anacheka."

Alikaa mezani akaichana sura ya asubuhi, akaandika nyingine bila kunyanyua kichwa. Hakumpunguzia Nyamizi maumivu wala hakumwongezea. Alipofika pale pa kicheko, kalamu ilisimama, na kitu alichokibana miaka minne kikamkatika kifuani. Alilia kwa sauti, kilio cha msibani, kichwa juu ya karatasi. Mlango ukafunguka. Mama yake aliingia na mikono yenye unga, akamtazama, hakuuliza kama anaumwa.

"Unamlilia nani?"

"Leokadia, mama."

Yule bibi alijifuta unga kwenye khanga, akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Haya, tumlilie," akasema. "Nilikuwa nakungoja."