Kopo la Mdogo Wangu

Watu wa Lungzawl, kijiji chetu cha milimani, watakwambia kwamba mimi, Mama Biak, ni mwanamke wa kumwambia mtu ukweli usoni. Wanasema hivyo kwa sababu nimeshawagombeza karibu wote. Miaka kumi na moja nimekusanya mchele wa kanisa mtaa wa juu, na mtu anayeingia jikoni kwa watu kila Jumamosi hakosi la kusema. Kwa hiyo hili nalisema mwenyewe, kabla Mama Siang hajalisema kwa namna yake.

Kwetu mwanamke akishapima mchele wa chakula, kabla haujaingia sufuriani, anachota kiganja kimoja anakitia kwenye kopo la Bwana. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Nyumba ya watu tisa inachota, na bibi anayekula peke yake anachota. Jumamosi mimi na Mama Siang tunapita na vikapu mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, tunamimina makopo yote pamoja. Mchungaji anakula mchele huo, na mabati ya kanisa yametokana na mchele huo. Lakini sisi wanawake tunajua kazi yake nyingine. Kopo likikutwa tupu Jumamosi mbili mfululizo, mkusanyaji anamwambia mzee wa akina mama, na kesho yake baada ya ibada wanawake wanakwenda kwenye nyumba ile. Hawaulizi habari ya mchele. Wanakaa, wanakunywa chai, wanaimba, wanangoja mpaka mwenye nyumba aseme kilichompata. Wengine huanza kulia hata maji hayajachemka.

Dawt alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Mama alipofariki alimwacha na miaka miwili, nikamlea mgongoni huku napalilia mahindi. Alikuwa na sauti ambayo hata wapagani wa zamani wangesimama kuisikiliza. Mume wake, Lian, alikwenda Malaysia kuosha vyombo kwenye mkahawa. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili, na Dawt alipanda hadi kwenye msalaba wa kilimani ambako mtandao unashika, akarudi anacheka peke yake njiani. Mwaka wa tatu simu zikakoma. Lian hakufa. Tulisikia kwa watu waliorudi kwamba yuko hai, amenenepa, na ana mtoto.

Dawt hakuliacha kanisa siku hiyo. Angeliacha siku hiyo, kila mtu angeona na kupiga kelele. Aliacha kwaya kwanza, akasema kifua kinambana. Kisha sala za Jumatano, kwa sababu ya baridi na ukungu. Kisha Jumapili akaanza kuingia nyimbo zikiwa zimekwisha, anakaa benchi la mwisho, anatoka kabla ya baraka. Kila mara alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ndogo mno, ukiibishia unaonekana mkorofi. Mimi nikanyamaza, mimi ambaye sijawahi kunyamaza kwa ajili ya mtu.

Jumamosi ya kwanza niliyolikuta kopo lake tupu, Mama Siang alibaki nje anapumzika kwenye ngazi, maana ana magoti mabovu na mdomo mzima.

"Dawt, kopo vipi?" nikamuuliza.

"Nimesahau, dada."

"Wiki nzima?"

"Mtu mmoja anapika mara ngapi? Nakula viazi. Waambie mdogo wako siku hizi ana mkono wa birika."

Alicheka, nami nikacheka. Nikamwambia Mama Siang kwamba Dawt alikuwa shambani wiki nzima. Jumamosi moja si kitu.

Ya pili nilikuta mlango umerudishwa, Dawt yuko chumba cha ndani. "Chukua tu, dada," akasema kwa sauti ya mtu aliyelala, ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Nikashusha kopo kutoka kwenye rafu ya juu ya jiko. Tupu. Hata vumbi la mchele halikuwamo.

Basi nikasimama pale jikoni nikafikiri. Sikumfikiria Dawt. Nilimfikiria babu yetu, mtu wa kwanza kubatizwa katika kijiji hiki, ambaye jina lake limechongwa kwenye jiwe la msingi la kanisa. Nikafikiria uchaguzi wa mwezi wa kwanza, maana wanawake walikuwa wamekwisha kuninong'oneza kwamba ndimi watakayemchagua kuwa mzee wao. Nikaona wanawake ishirini wamekaa kwenye sakafu ya mdogo wangu wakitazamana. Nilikuwa na mchele kwenye kitambaa changu cha kiunoni, wa nyumbani kwangu, ambao sikuwa nimeumimina bado. Nikautia kwenye kopo la Dawt, nikatoka nalo hadi mlangoni, nikaumimina kikapuni mbele ya macho ya Mama Siang.

"Afadhali," Mama Siang akasema. "Nilidhani huyu mtoto anatuacha."

"Atakuacha wewe, na mdomo wako huo," nikamjibu. Nikarudisha kopo rafuni, tupu kama nilivyolikuta.

Siku hiyo hiyo, nyumba inayotazamana na ya Dawt, kopo la Mama Thluai nalo lilikuwa tupu mara ya pili. Huyo nililipeleka jina lake kwa mzee wa akina mama bila kusita. Jumapili wanawake walipanda kwake na birika mbili, na mimi nikiwa mbele. Alikuwa amegombana na mumewe hadi wakawa hawasemezani, na alikuwa ameapa hatakanyaga kanisani wakiwa benchi moja. Tuliimba, tukamsikiliza, yakaisha. Jumapili iliyofuata alikuja kabla ya kengele. Nilijisifu kimoyomoyo kwa wiki nzima.

Miezi minne nilikuwa nabeba mchele kwenye kitambaa. Nilizoea. Mwanzoni nilichungulia mlangoni kwanza, baadaye nilikuwa naifanya kazi hiyo huku napiga gumzo na Mama Siang kupitia dirishani. Siku za kati nilikuwa sipiti kwa Dawt, nikijiambia nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba sikutaka kuona. Jumamosi moja harufu ya pombe ya mchele ilinipokea ngazini. Kwetu, tangu babu avunje mitungi yake, nyumba ya Mkristo haipiki pombe. Mdogo wangu alikuwa anautia kwenye mtungi kwa mikono yote miwili mchele ambao alikuwa hamchotei Bwana hata kiganja.

Unataka kujua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Funga dirisha, harufu inatoka nje."

Akauacha mtungi. "Ni hilo tu, dada?"

"Watu wanapita, Dawt."

"Haya," akasema. Akainuka akafunga dirisha.

Jumatano ya wiki hiyo ilikuwa zamu yangu kuongoza sala ya akina mama. Nilisoma yale maonyo ya Biblia kwa Wakristo wa kwanza waliokuwa wameanza kulegea: kwamba mtu asipoyashika sana aliyoyasikia atachukuliwa polepole bila kujijua; kwamba tuonyane kila siku, maadamu bado tunaweza kuiita siku hiyo leo, asije mmoja wetu moyo wake ukawa mgumu. Nilisoma vizuri. Nilikunja uso pale pa kukunja. Niligonga meza nikasema, "Anayemwona mwenzake anakwenda na asimwite, damu yake iko juu yake." Wanawake wakaitikia amina. Mwezi wa kwanza walinichagua, kura zote isipokuwa mbili.

Baada ya hapo kazi ya kikapu ilikuwa niiache, lakini nilisema nitaendelea kwa unyenyekevu. Walinisifu kwa hilo pia.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa tano mchana, Mama Siang akiwa nyumbani na magoti yake. Nilikuwa peke yangu. Nilikuwa nimeshusha kopo na kufungua kitambaa, nikasikia nyuma yangu: "Kumbe ni wewe."

Dawt alikuwa ameshika nguzo ya mlango wa chumba. Sikuwa nimemwona uso kwa muda, maana alikuwa akiniitikia kutoka ndani. Macho yake yalikuwa ya njano. Tumbo lilikuwa limevimba na mikono imekonda, na shuka ya kufuma niliyomfumia alipoolewa ilimning'inia mabegani.

"Mungu wangu, Dawt. Tangu lini uko hivi?"

Akaonyesha kopo kwa kidevu. "Ulikuwa unatia mchele wako humo?"

"Nilikuwa nakusitiri."

Alikaa chini taratibu, mkono mmoja ukutani. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mara ya kwanza nilisahau kweli," akasema. "Ya pili sikusahau. Niliacha makusudi. Nilikuwa siwezi kwenda kwa mtu nikasema, mimi nazama, nishikeni. Unaanzia wapi? Nikasema kopo litasema. Jumapili ile nilifagia. Nikaazima vikombe kwa jirani wa chini. Nilichemsha maji, dada. Nikawaona mnapanda, wewe mbele, mnaimba. Nikafungua mlango."

"Dawt..."

"Mkaingia kwa Mama Thluai."

Nilikunja kitambaa changu cha mchele, nikakikunjua tena.

"Nikasema labda Jumapili ijayo. Nikachemsha tena. Nilichemsha Jumapili sita. Halafu nikaelewa. Nikasema, wameliona tupu, na wamekubaliana waniache. Na kama kanisa zima limeniacha na dada yangu akiwemo, basi na Mungu atakuwa alishaondoka zamani, mimi tu ndiye sikuambiwa." Akajifuta mdomo kwa ncha ya shuka. "Ndipo nikapika pombe. Ile siku ya dirisha nilidhani sasa utanigombeza. Nilikuwa tayari unipige, hata."

Nilipiga magoti pale jikoni, nikamshika miguu. Ilikuwa baridi na imevimba. Nililia, nikamwomba msamaha, na sikuomba vizuri kama ninavyoomba kanisani. Akaweka mkono kichwani kwangu kama vile mimi ndiye niliyekuwa mdogo.

"Waite," akasema.

"Nani?"

"Wanawake. Waje na nyimbo zao. Hata Mama Siang na mdomo wake. Nataka kusema na Mungu na siwezi tena peke yangu, nimejaribu, maneno hayatoki. Wakikaa nami, wakianza wao, labda nitaitikia."

"Watakuja."

"Leo?"

Kutoka kwake hadi kwa Mama Siang ni ngazi arobaini. Kengele ya kanisa ningeweza kuigonga mwenyewe, mzee wa akina mama ana ruhusa hiyo. Kabla jua halijafika upande wa pili wa ukingo wa kilima, wanawake wote wa mtaa wa juu wangekuwa wameshajaa pale sakafuni. Lakini wangeuliza. Wangeuliza, imekuwaje, Dawt mbona kopo lake lilikuwa linajaa kila wiki? Na nisingekuwa na jibu ila lile moja.

"Kesho," nikamwambia. "Baada ya ibada, kama desturi. Wewe pumzika leo, unywe uji."

"Kesho," akasema, si kwa kuuliza wala kwa kulalamika. Nilimpikia uji wa mahindi, nikamlisha vijiko vitatu. Nikamlaza, nikautoa mtungi wa pombe nje nikaumwaga kwa nguruwe. Nilimwambia binti wa jirani aje kukaa naye. Kisha nikaenda nyumbani kwangu.

Jumapili niliwaambia wanawake kwamba mdogo wangu ameugua ghafla. Ndiyo maneno niliyokuwa nimeyapata. Tukapanda tukiwa ishirini na mbili, na birika tatu. Binti wa jirani alitupokea ngazini analia. Alisema Dawt alianza kuropoka alfajiri, akataja watu ambao hawapo, halafu akanyamaza.

Alikuwa bado anapumua. Macho yalikuwa wazi nusu, hayatazami kitu. Tukakaa sakafuni, tukamzunguka, tukaimba zile nyimbo alizokuwa akianzisha yeye zamani. Nilimshika mkono tangu mwanzo hadi mwisho, nikingoja kidole kimoja kisogee. Nilimsemesha sikioni, "Dawt, wamekuja. Wako hapa. Sema basi." Mama Siang alikuwa anaimba huku machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Tuliimba mpaka saa kumi. Saa kumi na robo akakata roho, na hakuwa ameitikia neno.

Nilisimama pale pale, mkono wake bado mkononi mwangu, nikawaambia yote. Kopo, kitambaa, dirisha, na jana. Mama Siang peke yake ndiye aliyesema, baadaye, tukiwa tunaosha maiti. Alisema, "Nilijua, Mama Biak. Mchele wako wa nyumbani ni mwekundu, wa Dawt ulikuwa mweupe siku zote. Nilisema ni dada yake, atajua mwenyewe." Akaendelea kuosha.

Mchungaji alimzika kwa ibada ya kanisa. Aliniambia kwamba rehema ya Mungu ni pana na kwamba moyo wa mtu hauonekani, huenda Dawt aliitikia ndani kwa ndani. Huenda. Nimemwomba Mungu anionyeshe na hajanionyesha. Uzee wa akina mama nimeuacha, na siombi kurudishiwa.

Mdogo wangu yuko wapi, sijui. Mimi Jumamosi ile mchana kutwa nilikuwa nyumbani kwangu, nimekaa kitandani, natafuta maneno.